Mafuta Yaliisha Juu ya Mizani

Tulipofika kwenye shamba la mihogo ambamo ndege ilikuwa imelala, kilichonishtua zaidi ya bawa lililokatika ni harufu ambayo haikuwapo. Nilikuwa nimefanya kazi kandokando ya ndege ndogo kwa miaka 6, na petroli yao, ile yenye rangi ya samawati, niliitambua kwa pua hata gizani. Pale shambani palinuka udongo uliofumuliwa na mafuta ya mawese, kwa kuwa mabidoni mawili yaliyotoka mji wa Shabunda yalikuwa yamepasuka na kutapakaa ubavuni mwa ndege, mekundu kiasi kwamba wanawake waliotutangulia waliyadhania kuwa damu na kuanza kulia. Petroli haikunuka hata kidogo.

Vijana wa kijiji walikuwa wamesogea karibu, na mzee mmoja alikuwa akiwarudisha nyuma kwa fimbo, akiwauliza kwa sauti kama wamekwisha kusahau Sange. Hakuna mtu wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, asiyelielewa swali hilo. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka pale Sange, katika bonde la Ruzizi, watu wakakusanyika, wengine wakikinga mafuta yaliyokuwa yakimwagika, kisha moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 200. Mzee yule alikuwa na haki ya kuogopa, na ninamheshimu mpaka leo kwa sababu alisimama mahali ambapo wengine wangekimbia. Lakini siku hiyo hapakuwa na petroli iliyomwagika ya kushika moto, kwa maana matangi yote mawili yalikuwa makavu. Nami nilijua sababu kabla mtu yeyote hajaniambia, kwa kuwa asubuhi ileile mimi ndiye niliyeshika mizani.

Kazi yangu ilikuwa kupima mizigo kwenye kibanda kimoja pale Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, ulio kama kilomita 30 kaskazini mwa mji, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,700. Sitaitaja kampuni niliyoifanyia kazi. Mtu asiyeishi kwetu huenda akashangaa kusikia kwamba chumvi, sabuni, daftari za shule na hata misumari husafirishwa kwa ndege, lakini anayeijua barabara ya kwenda Shabunda hashangai: msimu wa mvua lori huweza kukaa majuma mengi kwenye matope, kama halikukwama njiani kwa sababu nyingine zinazojulikana. Kwa hiyo bidhaa hupanda ndege kwenda, na mawese, madini na watu hupanda ndege kurudi, na kila kilo hulipiwa nauli kwa dola. Mpima mizigo ni mtu mdogo katika mpango huo. Anasimama nyuma ya mizani, anaandika namba kwenye karatasi, anampa karani, na karani ndiye anayeamua.

Ndege yetu ilikuwa Cessna 206, yenye injini moja na viti 6 pamoja na cha rubani. Ndege ya aina hiyo inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito usiozidi kilo 1,630 hivi. Yetu, ikiwa tupu kabisa, ilikaribia kilo 1,000. Kinachobaki kati ya namba hizo mbili ndicho mali ya wote: mwili wa rubani, abiria, magunia na mafuta. Matangi yake yalichukua zaidi ya lita 300, na ukiyajaza yote umekwisha kutumia kilo zaidi ya 200 kabla hujapandisha mtu hata mmoja. Ndege hizo hazikuundwa ili zijae mafuta na zijae mizigo kwa wakati mmoja, na kila safari ni mgawanyo. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu gunia lina mwenyewe, anayelilipia na anayesimama mlangoni akilidai, lakini lita ya mafuta ya akiba haina mtu wa kuidai. Haimlipi mwenye ndege chochote. Ikirudi salama tangini jioni, machoni pa karani imesafiri bure na kuchukua nafasi ya mteja.

Naomba msomaji anivumilie kidogo kwa hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo kisa chenyewe. Petroli ya ndege ni nyepesi kuliko maji, na lita moja ina uzito wa takriban kilo 0.72. Gunia la chumvi la kilo 50, kwa hiyo, ni sawa na lita 69. Injini ya ndege yetu, ikisafiri kwa mwendo wa kawaida, ilikuwa ikitumia lita 60 hivi kwa saa. Ukiongeza gunia moja na kuacha lita zinazolingana nalo ili uzito usizidi, umeondoa angani saa 1 na dakika 9.

Kutoka Kavumu hadi Shabunda ni kama dakika 45 kwa ndege ya namna hiyo, nayo njia inapita juu ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambako mlima Kahuzi wenyewe una kimo cha mita 3,308. Shabunda iko chini, msituni, kwenye kimo kisichofika mita 700. Maana yake ni kwamba safari ya kurudi ni kupanda mlima, na injini inayopanda hunywa mafuta mengi zaidi kuliko ile inayosafiri sawasawa. Kule Shabunda hatukuwa na petroli ya aina yetu, kwa hiyo mafuta ya kwenda na ya kurudi yalipaswa kutoka Kavumu. Rubani wetu, ambaye sote tulimwita Komanda, aliihesabu safari nzima kuwa lita 110 bila tatizo lolote njiani. Juu yake aliongeza dakika 45 za akiba, ambazo kanuni za kimataifa zinazitaka kwa ndege za injini za pistoni kama ile, kisha akaongeza mafuta ya kumfikisha Goma iwapo Kavumu ingefungwa na mawingu. Jumla ilimpa 190. Niliiona namba hiyo kwa macho yangu, imeandikwa kwa kalamu kwenye kiganja chake cha kushoto, kama ilivyokuwa desturi yake.

Asubuhi ile alikuja mama mmoja muuza chumvi, aliyekuwa akienda kumkabidhi dada yake mzigo palepale uwanjani Shabunda na kurudi na ndege hiyohiyo akiwa na mawese. Magunia yake mawili yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Akaleta la tatu, akaomba lisaidiwe. Nilimwambia karani kwamba uzito umefika. Karani aliangalia karatasi, akaangalia pipa la petroli lililokuwa likisukumwa kuelekea kwenye ndege, akaniambia, “Kijana, weka hilo gunia. Mafuta aliyoomba Komanda ni ya mtu anayekwenda Kinshasa.”

Nililiweka. Sikulazimishwa kwa bunduki wala sikutishiwa kufukuzwa siku ile. Niliandika kilo 50 kwenye mstari wa mwisho, na pampu ya mkono ikasimama kwenye lita 120.

Komanda alijua. Sitaki kuandika kana kwamba alidanganywa, maana alipanda kwenye ngazi, akafungua vifuniko vya matangi juu ya mabawa, akachovya kijiti cha kupimia upande huu na upande ule, na akaona alama ilipofika. Rubani makini hategemei mishale ya mafuta iliyo mbele yake, hasa katika ndege iliyozeeka, kwa sababu mishale hiyo hudanganya mara nyingi, na ndege ikiegeshwa mahali penye mteremko mafuta huhamia upande mmoja na kumdanganya hata mwenye kijiti. Kijiti chake siku ile kilisema kweli. Alishuka, akazungumza na karani kwa dakika kadhaa nyuma ya kibanda, kisha akarudi na kupanda. Baadaye aliniambia kwamba mwezi uliotangulia alikuwa amekataa safari mbili kwa sababu kama hiyo, na aliambiwa kwamba marubani wanaotafuta kazi ni wengi.

Walikwenda salama. Kurudi, walikuwa watatu: Komanda, mama wa chumvi na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Kahuzi, meupe na mazito kama yanavyokaa mara nyingi mchana wa msimu wa mvua, na Komanda alilazimika kuyazunguka kwa upande wa kusini, akipanda huku akitafuta mwanya. Kuna kitufe chekundu ambacho rubani wa ndege ya namna hiyo hukivuta taratibu anapopanda, ili kupunguza petroli inayoingia kwenye injini kadiri hewa inavyokuwa nyepesi; asipokivuta, injini hula zaidi ya inavyohitaji. Alikiri kwangu kwamba katika dakika zile za kutafuta njia mawinguni alichelewa kukishughulikia. Mzunguko ule ulikula robo saa. Alipoliona ziwa Kivu upande wa pili, alifurahi kama mtu aliyefika nyumbani, na mshale wa tangi la kushoto ulikuwa umekwisha kulala.

Injini haikuzimika ghafla. Mama wa chumvi alinisimulia kwamba ilikohoa, ikanyamaza, ikarudi, na wakati iliporudi mwalimu alisema “Mungu asifiwe” kwa sauti. Komanda alibadilisha kutoka tangi moja kwenda jingine, kwa sababu ndege nyingi huanguka zikiwa na mafuta upande mmoja huku injini ikinyonya upande uliokauka, na hilo ndilo jambo la kwanza la kujaribu. Injini iliwaka kwa muda usiozidi dakika moja. Kisha rafadha ikaendelea kuzunguka polepole kwa nguvu ya upepo tu, na kilichosikika kilikuwa ni upepo kwenye mabawa. Mama anasema hakuwahi kujua kwamba ndege ina sauti nyingine chini ya ile tuliyoizoea.

Wengi hudhani kwamba ndege iliyozimika injini huanguka kama jiwe, na dhana hiyo imewaua watu, kwa sababu rubani anayeiamini huvuta usukani ili asishuke, ndege hupoteza mwendo, na hapo kweli huanguka kama jiwe. Ndege ya aina ile, ikiwa kimo cha mita 1,000 juu ya ardhi, inaweza kuteleza hewani kwa takriban kilomita 8 bila injini, mradi rubani aielekeze pua chini na kuulinda mwendo. Komanda alikuwa na kimo kidogo kuliko hicho, na uwanja ulikuwa mbali kuliko kimo chake. Alitamka “Mayday”, neno la hatari la marubani, kwenye redio, jambo ambalo aliniambia alipaswa kulifanya robo saa kabla, alipokuwa bado na kitu cha kuokoa. Nilimuuliza kwa nini alichelewa. Alijibu kwamba mtu akitamka neno hilo amekiri mbele ya wote kwamba aliondoka bila akiba, na kwamba aibu ni nzito kuliko unavyofikiri ukiwa umekaa chini.

Sikumlaumu kwa jibu hilo, kwa sababu mwaka 1990 ndege kubwa ya Avianca ilianguka karibu na New York na kuua watu 73 baada ya kusubirishwa angani kwa muda mrefu, na marubani wake, waliokuwa wakisema kwamba mafuta yanawaishia, hawakulitamka neno la hatari lenyewe. Kama watu wenye ndege ya injini nne walishindwa, sishangai mtu mmoja juu ya Kabare, eneo lilipo uwanja wetu, kuchelewa.

Alichagua shamba la mihogo kwa sababu lilielekea upande wa upepo na matuta yake yalikwenda kwa urefu, maana kuyakata matuta kwa upana kungeipindua ndege. Alifunga mafuta, ingawa hayakuwapo, akazima umeme, akawaambia abiria wafungue mlango kabla ya kugusa chini ili usije ukajikunja na kuwafungia ndani. Kwenye kimo chetu hewa ni nyepesi, na ndege inayotua hukimbia juu ya ardhi kwa kasi inayozidi ile ya ufukweni kwa karibu asilimia 9, hata kama kipimo cha mbele ya rubani kinaonyesha namba ileile. Kasi hiyo ya ziada ndiyo iliyowafikisha kwenye mparachichi uliokuwa mwisho wa shamba. Bawa la kushoto lilibaki pale. Komanda alivunjika mguu, mwalimu alichanika usoni, na mama wa chumvi aliumia mgongo kiasi kwamba anatembea kwa mkongojo hadi leo. Hakuna aliyekufa, na ninamshukuru Mungu kwa hilo kila ninapopita pale.

Katika siku zilizofuata nilisikia maelezo mengi. Wako waliosema kwamba injini ilikuwa mbovu, wako waliosema kwamba kuna mtu kijijini aliyekasirishwa na ndege kupita juu ya kaburi la baba yake, na karani alisema kwamba mshale wa mafuta ulikuwa na kasoro. Mwishowe watu wengi walikubaliana kusema kwamba ni bahati mbaya. Neno hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma kila nilichoweza kukipata kuhusu ajali za namna hii, nikikaa usiku na simu mkononi, na niliyoyasoma hayakuniachia nafasi ya kulitumia. Nchini Marekani, ambako ndege ndogo ni nyingi na kila ajali huchunguzwa na kuandikwa, wachunguzi walihesabu wastani wa zaidi ya ajali 50 kwa mwaka kati ya 2011 na 2015 zilizotokana na usimamizi mbaya wa mafuta, na zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa za matangi kuisha kabisa. Karibu nusu ya marubani waliohusika walikuwa na leseni za juu. Mafuta hayaishi kwa ghafla kama radi. Yanaisha kwa kasi inayojulikana, kwa saa inayoweza kuhesabiwa tangu ndege ikiwa chini.

Usiku mmoja nilisoma habari za ndege ya LaMia, iliyoanguka karibu na Medellín, Kolombia, tarehe 28 Novemba 2016, ikiwa imewabeba wachezaji wa Chapecoense, timu ya mpira ya Brazili. Watu 71 walikufa, 6 wakapona. Kwenye karatasi ya safari, muda wa kuruka uliandikwa saa 4 na dakika 22, na muda ambao mafuta yangedumu uliandikwa saa 4 na dakika 22. Niliisoma mistari hiyo miwili mara nyingi. Hapakuwa na dakika hata moja katikati yake. Watu walipanda ndege ambayo kwa karatasi yake yenyewe ilikuwa imekwisha kukauka wakati wa kufika, na karatasi hiyo ilipita mikononi mwa watu. Nilimfikiria kila mtu aliyeishika.

Nimeacha kazi ile. Lakini ndugu zangu bado hupanda ndege ndogo, na kila ninapowasindikiza ninamwomba rubani radhi, kwa heshima, kisha ninamuuliza maswali mawili: umepima kwa kijiti, na una dakika ngapi za akiba baada ya kufika? Sijawahi kukutana na rubani aliyekasirika. Mmoja alinishika mkono na kuniambia kwamba swali langu limempa nguvu ya kurudi kwa karani wake, akaenda, na mzigo ukashushwa nikiwa natazama. Kwa hiyo siwaoni marubani kuwa maadui wa abiria. Wengi wao wako peke yao kati ya mwenye ndege anayetaka fedha na mteja anayetaka mzigo wake ufike, na mtu anayesimama upande wa lita za akiba, hata akiwa abiria asiyejua lolote, ni msaada kwao.

Mama wa chumvi sasa anauza kwenye meza ndogo katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, akiwa amekaa, kwa kuwa hawezi kusimama muda mrefu. Nilichukua miezi mingi kabla ya kwenda kumsalimia, na nilipokwenda nilimweleza kila kitu: gunia la tatu, karatasi, namba 190 kwenye kiganja cha Komanda, pampu iliyosimama kwenye 120. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifunga chumvi kwenye vifuko vidogo. Akaniuliza gunia lake lilikuwa lita ngapi. Nikamwambia 69. Akanyamaza, kisha akasema, “Mwanangu, mimi nilijua bei ya kilo tu. Ungeniambia kwamba ninakalia mafuta, ningelishusha mwenyewe.”

Juma lilelile nilinunua kipande cha kartoni nyeupe na kalamu nene, nikaandika jedwali: kilo upande mmoja, lita katikati, dakika za angani upande wa pili, kuanzia bidoni la mawese la lita 20 hadi magunia matatu ya chumvi. Nililipeleka Kavumu kwa kijana aliyechukua nafasi yangu, nikamweleza kila mstari, naye alinielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Alitaka kulibandika ukutani nyuma yake, mahali anapoweza kuliona anapoandika. Nilimwomba tuligeuze. Tulilifunga kwa waya kwenye kichwa cha mizani, upande unaowatazama abiria.